Saba Mara Tisa

Jiwe la Kitangiri lina tumbo la kivuli;
hapo nimeilaza Honda ya baba,
injini juu ya gunia la pamba,
bolti zake kwenye kopo la maziwa ya unga.

Kava la klachi limetoka kwa shida,
gasketi imegawanyika, nusu huku, nusu kule,
kama ndugu waliogombania shamba.
Iliyobaki ni nyeusi, imeungua, imekuwa ganda
lisilokumbuka kwamba lilikuwa karatasi.

Nyanda, kijana wangu wa spana, ameshika tindo.
"Dada Sayi, niachie dakika tano."
Weka chini. Aluminiamu ina ngozi ya mtoto mchanga:
mkwaruzo mmoja tu, mafuta yatapata njia,
yatatutia aibu kabla hatujafika Usagara.

Tunafunika kwa tambara la mafuta ya taa, tunalala.
Asubuhi nafunua. Bado.
Tunamwaga maji ya moto, birika zima, chai ikasubiri.
Bado.
Nachukua mswaki wa zamani, mpini nimeunoa juu ya jiwe
ukawa bapa kama mdomo wa bata, ila wenye makali,
naanzia pembeni, kwenye tundu la bolti la kwanza,
kwa kulaza, si kwa kusimamisha,
kama unavyoparua sato mdogo
usije ukatoboa ngozi.

Ganda linatoka ukubwa wa kucha.
Kisha ukubwa wa punje ya mtama.
Kisha halitoki kabisa.
Namlaani fundi aliyepaka gundi pande zote mbili.
Simjui. Namlaani tu, kwa jina la kubuni.

Saa nne jua limetufikia. Wadudu wa ziwani wamekuja kama moshi,
wanazama kwenye sufuria ya petroli,
Nyanda anasikitika: mboga ya bure, imeharibika.

Ndipo chini ya ganda, kwenye chuma chenyewe,
naona vimistari. Namba.
Zimegeuka, zinatembea kinyumenyume,
wino ulioihama karatasi ukahamia kwenye injini.
"Mwandiko wa Kijapani," anasema Nyanda.
Nafungua kioo cha pembeni cha pikipiki,
nakiinamisha juu ya kava, nasoma:

7 x 7 = 49
7 x 8 = 56
7 x 9 =

na tundu la bolti limekula jibu.

Nalijua jedwali hilo.
Ni la mgongo wa daftari langu, darasa la tatu,
daftari lililoamka siku moja bila kava.
Mwalimu Kahabi alitaka kava, nikasema mbuzi.
Akauliza saba mara tisa; nikatazama pale jibu lilipokuwa,
nikaona pini mbili tu.
Viboko vinne.
Nilimnunia kaka yangu Bundala mwaka mzima,
sikumpa hata ubuyu.

Hakuwa Bundala.

Alikuwa mkaguzi wa pamba mwenye mkasi na koroboi,
usiku mama aliposhikwa na uchungu,
na pikipiki inatema mafuta,
na hakuna gari kutoka Misungwi kabla ya alfajiri.
Alikata. Akapaka gundi pande zote mbili, kwa hofu.
Kulwa na Doto walizaliwa Bugando. Hilo tulisimuliwa.
Kava, hapana.

Angesema, jamani. Neno moja tu.
Miaka thelathini tumekula meza moja
akinisogezea chumvi.

"Tuiache hiyo," Nyanda anasema, taratibu. "Iwe kumbukumbu."
Itavuja.
Chuma hakijali ni mkono wa nani.
Na karatasi mpya nimeshainunua mtaa wa Rufiji,
ya kijani, inanuka duka.

Nachovya mswaki kwenye petroli.
Narudia kwa kulaza.
Inaondoka arobaini na tisa.
Hamsini na sita inang'ang'ania, nayo inaondoka.
"Kwani saba mara tisa ni ngapi?" anauliza Nyanda,
wala si mzaha, hakumaliza shule.
Simjibu. Najua.
Nasubiri kwanza
tundu liwe safi.